Sifa za Mume Asiyekuwepo Nyumbani

Watu wa ushirika wetu hapa Stockholm wanajua mambo mawili kuhusu talaka katika nchi za Ghuba, na yote mawili si kweli. La kwanza ni kwamba mume akilitamka neno hilo mara tatu, mambo yamekwisha. La pili ni kwamba mwanamke Mkristo akiingia mahakamani huko atatoka amesilimu, au hatatoka kabisa. Nimeyasikia haya kutoka kwa watu wenye shahada, watu ambao hawawezi kununua kiti cha mtoto cha gari bila kusoma majarida matatu ya wanunuzi. Nikiwauliza wamejuaje, wananiambia kila mtu anajua.

Mimi ni Mkristo, nilikuwa mgeni katika nchi mojawapo ya hizo, na talaka niliipata huko. Kwa hiyo naweza kueleza.

Niliolewa hapa Stockholm, katika kanisa tulilokuwa tukilikodi Jumapili alasiri baada ya Waswidi kumaliza ibada yao. Mume wangu ni Mkenya kama mimi, mkaguzi wa usalama viwandani. Binti yetu alipokuwa mdogo, baba yake alipata kazi katika kampuni ya gesi huko Ghuba, nasi tukamfuata. Huko nilikuwa mke wa mtu, na sisemi hivyo kwa mafumbo. Kibali changu cha kukaa kilimtaja yeye kuwa mdhamini wangu, na bila saini yake sikuwa na haki ya kuwepo. Ndoa ilipoharibika hakunipiga wala hakunifukuza. Aliacha tu kibali kiishe bila kukihuisha. Ni njia safi kabisa ya kumwondoa mke. Mwanamume hahitaji hata kupaza sauti, na akiulizwa kanisani anaweza kusema kweli kwamba mke wake aliondoka mwenyewe, kwa ndege, akiwa na mabegi mawili.

Binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alibaki kwa kibali cha baba yake. Amalize mwaka wa shule, baba yake alisema. Mwaka wa shule ukaisha. Ukaanza mwingine.

Nilirudi Hallonbergen, kitongoji cha Stockholm, katika nyumba ya vyumba viwili, na kwenye kazi yangu ya kupanga zamu za madereva wa mabasi. Kazi hiyo nilijifundisha, kama nilivyojifundisha Kiswidi na uhasibu, kwa sababu shule yangu iliishia kidato cha pili. Sikuona sababu ya kutojifundisha sheria pia. Jioni nilikaa kwenye meza ya jikoni na tafsiri ya Kiingereza ya sheria ya ndoa za wasio Waislamu ya nchi ile, nikaisoma kifungu kwa kifungu, nikarudia. Ni sheria fupi. Mtu yeyote katika ushirika wetu angeweza kuisoma kwa muda anaotumia kupeleka video za maombi kwa watu wasioziomba.

Inasema hivi. Mmoja wa wanandoa akisema hataki ndoa tena, inatosha. Hahitaji kuthibitisha kosa la mwenzake. Watoto hulelewa na wazazi wote wawili kwa usawa, isipokuwa mmoja aionyeshe mahakama kwamba faida ya mtoto inadai vinginevyo.

Talaka, kwa hiyo, haikunipa shida. Shida ilikuwa lile neno isipokuwa.

Kila mtu aliniuliza kwa nini sikufungua kesi hapa. Ningeweza. Mahakama ya hapa ingetupa nusu mwaka wa kufikiri, kama inavyowapa wenye watoto wadogo, halafu ingetuachanisha. Lakini sikuwa natafuta cheti cha kuning'iniza ukutani. Nilimtaka binti yangu, naye alikuwa huko. Hukumu ya Stockholm ingefika kwenye uwanja wa ndege wa nchi ile ikiwa karatasi ya wageni. Nilihitaji amri ya jaji ambaye askari wa uhamiaji wa pale angemtii.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mwanamke wa Tanga, Mwislamu, anayehudumia wazee katika makao ya manispaa. Ndiye mtu pekee aliyenicheka kwa akili.

"Kwa hiyo wewe Mkristo unakwenda kuachwa na Waarabu," aliniambia.

"Siachwi. Naacha."

"Haya bibi, acha. Lakini wenzio kanisani wanasema huko ni maneno matatu tu."

"Wanasema."

"Nyie Wakristo talaka yetu mnaijua kutushinda. Mimi nimeachwa Tanga, shoga. Mwaka mzima kwa kadhi, na mwanamume kila akiitwa anasahau alitamka nini. Laiti ingekuwa maneno matatu, ningemsaidia kuyasema."

Sasa niwaeleze wasimamizi. Katika harusi za makanisa ya kwetu, bwana na bibi harusi husimamiwa na wenzi waliokwisha kuoana, na kazi yao haimaliziki siku ya harusi. Kuanzia hapo wao ndio wazazi wa ndoa ile. Ugomvi wowote sharti upite mezani kwao kabla ya kwenda mbele. Ni desturi ambayo huenda ilikuwa na maana pale ambapo watu walikaa kijiji kimoja na kuonana kila siku. Wasimamizi wetu wanakaa Upplands Väsby, nje kidogo ya Stockholm, katika nyumba za safu zenye bustani ndogo. Mume ni mstaafu wa kampuni ya lifti, na mke ndiye anayeongoza mnyororo wa maombi ya simu. Tangu tuhamie Ghuba walikuwa wameonana nasi mara chache tulipokuja likizo. Hilo halikuwazuia kujua kila kitu.

Nilipofungua kesi waliniita kikaoni. Nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kosa jingine la kuongezwa kwenye yale waliyokwisha kuyaorodhesha.

Katika nchi hii viatu huachwa mlangoni, hata vya waamuzi. Wazee watatu wa ushirika walikuwa wameketi kwenye sofa wakiwa wamevaa suti na soksi, na soksi ya mmoja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Ni vigumu kumwogopa mtu ambaye kidole chake kinakutazama. Mume wangu alikuwa kwenye tableti iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, nyuma yake ukuta mweupe ambao ungeweza kuwa popote.

"Binti yetu," msimamizi alianza, "kwanza tumshukuru Mungu kwa mume aliyekupa. Hapa Stockholm wanaume wangapi wamelala kwenye sofa, wanangoja serikali iwalishe? Huyu anakwenda jangwani. Wiki tatu, saa nyingine wiki nne, kambini, haoni mke, haoni mtoto. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili yenu."

"Amina," mkewe aliitikia.

Kwenye tableti mume wangu aliinamisha kichwa kama mtu anayevishwa nishani.

"Na mtoto anakaa na nani hizo wiki tatu?" niliuliza.

"Sasa unaona," mke wa msimamizi aliwaambia wazee. "Ameanza kuhoji."

"Nauliza tu, mama."

"Mwanamke akimhoji mwanamume anayemlisha, shetani ameshapata kiti hapo."

Kikao kiliendelea mpaka chai ikaisha. Niliambiwa nilijivuna tangu nilipojifunza Kiswidi kumpita mume wangu. Niliambiwa nilikuwa nikisoma vitabu kitandani. Niliambiwa kwamba kama ningerudi huko kwa unyenyekevu angenipokea.

"Kibali changu kimeisha," nilisema. "Nirudi kwa kibali gani?"

"Kibali ni karatasi," alisema mwenye soksi ya tundu.

"Na mlango ni ubao, mzee. Jaribu kuupita ukiwa umefungwa."

Waliniombea. Maombi yale yalikuwa na ushauri mwingi kwa Mungu kuhusu tabia yangu.

Mahakama ile huendesha vikao kwa video kwa walio nje ya nchi, kwa hiyo kikao cha kwanza nilikihudhuria jikoni kwangu Hallonbergen, nimevaa koti la kazini. Niliomba ruhusa ya kufika kazini kwa kuchelewa. Wakili wangu alikuwa huko, mwanamke asiyependa maneno mengi. Jaji alikuwa kijana kuliko mimi, mpole, na mkalimani alifasiri Kiarabu kwa Kiingereza. Mume wangu alikuja na faili nene. Niliwatambua ndani yake wale wazee watatu. Zilikuwemo taarifa zao zilizotiwa saini, kuhusu vitabu vya kitandani na mengine ya namna hiyo.

Jaji aliuliza kama ninataka ndoa iendelee. Nilisema sitaki. Aliuliza kama nina hakika. Nilisema nina hakika.

"Mheshimiwa, nina ushahidi wa mwenendo wake," mume wangu alisema.

"Hauhitajiki," jaji alijibu. "Mahakama haiulizi nani alikosa."

Alibaki ameshika faili. Ninaamini ulikuwa wakati mgumu kuliko wote katika maisha yake. Alikuwa amejiandaa kushinda shindano ambalo halikuwepo. Kule Upplands Väsby habari hiyo ilipokelewa kama matusi. Mke wa msimamizi alinipigia simu kuniambia kwamba nchi inayovunja ndoa bila kuuliza kosa ni nchi isiyomcha Mungu. Juma lililotangulia, nchi hiyo hiyo ilikuwa na dini kupita kiasi.

Basi nikawa nimeachika, au nimeacha. Na binti yangu alikuwa bado huko.

Kuhusu malezi, wakili wa mume wangu alikuwa ameandika kwamba mteja wake amehamishiwa ofisi ya mjini na kwamba kila jioni yuko nyumbani na mtoto. Nilijua si kweli. Nilimpigia binti yangu kila jioni wakati wa chakula, na sauti niliyoisikia ikimwita mezani ilikuwa ya mwanamke, dada wa kazi kutoka Kakamega aliyekuwa akimlea pale nyumbani. Sikuisikia sauti ya baba yake ila mwishoni mwa mwezi. Lakini kusikia si kuthibitisha. Kampuni isingenipa ratiba ya mfanyakazi wake. Dada wa kazi alikuwa na kibali chini ya mdhamini yule yule, na nisingemwomba apoteze mkate wake. Aliyebaki ni mtoto mwenyewe.

Wakili wangu alilisema wazi. "Ana umri wa kusikilizwa. Aeleze baba hulala wapi."

"Hapana."

"Bila hilo mtapata nusu kwa nusu. Na nusu kwa nusu, mmoja akiwa huko na mwingine huku, maana yake atabaki alipo."

"Najua maana yake. Lakini hapana."

Ningeweza kumpata mtoto kwa kumfanya amshtaki baba yake mbele ya jaji. Angekuja Hallonbergen akiwa ameanza kulilipia hilo, nami ningekuwa namwona akilipa kila asubuhi. Kwa hiyo nilikuwa na ukweli nisioweza kuutumia, na tarehe ya kikao cha pili ilikuwa inakaribia. Nilipanga mabasi mchana na sikulala vizuri.

Ndipo mume wangu akaiomba mahakama isikilize mashahidi wawili wa tabia yake kama baba. Walikuwa wasimamizi wetu wa harusi.

Wakili wangu alitaka kupinga. Wako Uswidi, alisema, hawajakanyaga huku, hawajui lolote kuhusu nyumba hiyo, ombi litaanguka dakika moja. Nilimwomba aniache nifikiri. Nilishuka chini kwa sababu ilikuwa zamu yangu ya chumba cha kufulia, na mtu anayeikosa zamu yake ya kufua katika jengo letu huandikiwa kikaratasi cha chuki ukutani. Jirani yangu alinikuta huko nikikunja mashuka.

"Waache waje," nilisema, kama mtu anayejiambia mwenyewe.

"Nani?"

"Wale wa Väsby. Watoe ushahidi."

"Una wazimu, wewe. Watakusema mpaka unyayo."

"Hawaji kunisema mimi. Wanakuja kumsifu yeye."

"Ndiyo hapo mimi sielewi."

"Hujamsikia mzee wa kanisa la kwetu akimsifu mwanamume. Hana sifa nyingi, bibi. Anayo moja, na aliisema kikaoni kabla hata ya maombi."

Alikaa juu ya mashine akanitazama. Nilimweleza. Alicheka taratibu, kisha akaacha.

"Na mume wako hatawafunza la kusema?"

"Atawaambia waseme ni baba mwema. Hatafikiria kuwaambia wasimsifu. Hajawahi kuona ubaya katika sifa zake."

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu yote. Sikuwa na kingine. Kama msimamizi angesema tu kwamba mwanamume yule ni mpole na anampenda mtoto wake, ningempoteza binti yangu kwa ujanja wangu mwenyewe. Nilimpigia wakili, nikamwambia asipinge. Alisema kesi ni yangu.

Siku ya kikao walionekana kwenye skrini kutoka sebuleni kwao. Mume alivaa suti ya harusi za watu, mke kilemba cha rangi ya dhahabu, na kati yao, ukutani nyuma, picha yetu ya harusi. Walikuwa wameihamisha makusudi, maana siku waliponiita kwao mahali pale palikuwa na saa. Mume wangu alikuwa kwenye dirisha lake dogo, wakili wake kwenye lake.

Msimamizi alifungua kwa maombi. Mkalimani hakufasiri, na jaji akangoja kwa adabu mpaka amina.

"Asante," jaji alisema. "Sasa tueleze unavyomjua baba wa mtoto huyu."

Msimamizi alikohoa. Alizungumza Kiingereza cha mimbarani, kila sentensi ikipanda ngazi. "Mheshimiwa, mimi ni mzee. Nimeona wanaume wengi. Wapo wanaokaa nyumbani wakihesabu vijiko vya mke. Huyu si mmoja wao. Huyu ni mwanamume wa kazi. Jangwani, mheshimiwa, kwenye joto ambalo wewe mwenyewe unalijua. Wiki tatu hajaona kitanda chake. Saa nyingine wiki nne."

Wakili wa mume wangu aliinua mkono. Jaji hakumtazama.

"Wiki tatu," jaji alirudia. "Hiyo ni zamani, kabla hajahamishiwa mjini?"

Msimamizi alichukizwa kwa niaba ya rafiki yake. "Mjini? Nani kasema mjini? Mheshimiwa, wanamvunjia heshima. Huyu hakai ofisini akinywa kahawa. Krismasi hii iliyopita, wakati watu wote duniani wako na familia zao, alikuwa kambini. Alijinyima."

"Unajuaje kwamba alikuwa kambini?" wakili wangu aliuliza. Ndilo swali pekee aliloliuliza siku ile.

"Kila Ijumaa tunaomba naye kwa simu. Tunamwona. Nyuma yake kuna vile vitanda vya chuma."

Nilikuwa nimezima kipaza sauti changu. Mikono yangu nilikuwa nimeikalia.

Hapo mke wake akaona kwamba jaji ameacha kuandika na anatazama juu, akadhani moyo wa jaji unaingia shaka kuhusu mtoto. Akaja mbele ya kamera mpaka kilemba kikakatwa na ukingo wa skrini. "Mheshimiwa asije akafikiri mtoto anateseka," alisema. "Hakosi kitu. Yule dada wa kazi ni mama yake kabisa. Ndiye anayempeleka hospitali. Mikutano ya wazazi shuleni ni yeye. Mtoto alipougua homa, hata baba yake hakusumbuliwa. Alikuja kuambiwa alipopona."

Dirisha la mume wangu likawa jeusi. Alikuwa amezima kamera. Wakili wake alisema kuna tatizo la mtandao.

Jaji aliwashukuru mashahidi kwa kusema kweli. Walifurahi sana. Msimamizi aliomba kufunga kwa maombi, na jaji akasema muda umekwisha.

Amri ilikuja kwa barua pepe, Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mtoto akae na mama yake Stockholm, baba awe naye katika likizo ndefu. Niliisoma nikiwa nimesimama kituoni, nikaacha treni ipite, nikaisoma tena kwa sababu sipendi kufurahia kitu kabla sijakihakikisha.

Jioni ile msimamizi alinipigia. "Binti yetu, umeona Mungu? Sisi tulimtetea mume wako kwa nguvu zetu zote, na bado Bwana akakukumbuka na wewe."

"Nimeona, baba."

"Na yule jaji ni mtu wa haki. Aliandika kila neno nililosema."

"Aliandika. Niliona."

Mpaka leo hajui. Huwasimulia watu wa ushirika jinsi alivyosimama mbele ya jaji wa Kiarabu, na wanaume husikiliza wakitikisa vichwa. Mume wangu wa zamani hakumwambia. Angemwambia nini? Angelazimika kukiri mbele ya mzee aliyemsimamia kwamba sifa ile, ambayo wanaume wa ushirika mzima huijengea heshima yao, iliwekwa mezani kwa mtu asiyewajua na kusomwa kama ilivyo. Kuliko kukiri hilo, aliona afadhali kumkosa mtoto.

Binti yangu alifika uwanja wa ndege wa Arlanda akiwa mrefu kunipita. Alinikumbatia vizuri. Nyumbani aliuliza nywila ya mtandao, akafunga mlango, akampigia dada wa kazi, na nikasikia kilio chake kupitia ukuta. Kila jioni alimpigia, wakati wa chakula. Zamani mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu kama zile. Nilipakua chakula nikangoja.

Jumamosi moja jirani yangu alipanda na sahani ya vitumbua, akataka nimsimulie kikao chote tangu mwanzo. Nilimsimulia. Mimi si mchekeshaji, lakini sauti ya msimamizi ninaiweza, na kilemba cha mkewe nilikionyesha kwa taulo ya jikoni. Jirani alikuwa akijifuta machozi.

"Eti alijinyima," alisema. "Hebu rudia hapo pa Krismasi."

Nilirudia. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa mlangoni. Alisema kitu kwa Kiswidi, kwa sauti ya chini, kisha akakisema kwa Kiswahili ili jirani naye akipate.

"Hiyo Krismasi ni yangu."

Jirani alishusha mguu aliokuwa ameupandisha kwenye kiti. "Shangazi anaomba radhi, mwanangu," alisema.

"Nilimngoja baba," binti yangu alisema. "Alikuwa ameniahidi. Nyinyi mnacheka vile aliyekuwa anaongea ni mjinga, na ni mjinga, najua. Lakini mimi ndiye nilikuwa kwa nyumba."

Taulo ilikuwa bado kichwani mwangu. Niliitoa. Nilikuwa nimekataa apelekwe mbele ya jaji, kisha nikampeleka jikoni kwangu, mbele ya vitumbua, na sikuwa na wakili wa kunionya.

"Mlikula nini siku hiyo?" nilimwuliza.

Alifikiri kama anijibu. "Pilau. Alipika dada. Alivaa gauni la kanisa halafu akasema tukae chini, tule kwa sinia, kama kwao."

"Halafu?"

"Halafu tukaosha vyombo." Alivuta kiti. "Halafu nikampigia baba, na simu ikaita tu."

Jirani alimsogezea sahani. Binti yangu alichukua kitumbua, akakigawa katikati, akaendelea kusimulia, na mimi nikakaa.